Kiatu cha Mbio Hakiondoi Mzigo, Huuhamisha: Jinsi Raba Zinavyoundwa na Namna ya Kuchagua Inayoufaa Mguu Wako

Kukimbia si kutembea kwa haraka. Anayetembea huwa na mguu ardhini wakati wote, ilhali anayekimbia huwa hewani kati ya hatua na hatua, na kila hatua yake huishia kwa mwili mzima kutua juu ya mguu mmoja. Nguvu inayopanda kutoka ardhini wakati huo hufikia mara mbili hadi tatu ya uzito wa mkimbiaji, kwa hiyo mtu wa kilo 65 hupokea, kwa sehemu ndogo ya sekunde, mzigo wa kilo 130 hadi 195 hivi. Wakimbiaji wengi hupiga hatua kati ya 160 na 180 kwa dakika, maana yake ni kwamba anayetoka Ntinda kwenda Kololo na kurudi, akitumia saa moja, hutua karibu mara 5,000 kwa kila mguu. Nguvu hiyo ni lazima ipokewe na kitu: kisigino, kano ya nyuma yake, shavu la mguu, goti au nyonga. Kiatu kinaweza kubadilisha mahali inapopokelewa na kasi inayoingia nayo, lakini hakiwezi kuifuta. Msomaji akilishika hilo tangu mwanzo, ataona kwamba karibu kila ubishi kuhusu viatu vya mbio ni ubishi kuhusu sehemu gani ya mguu ibebeshwe zaidi.

Raba ya mbio ina tabaka tatu. Chini kabisa kuna soli ya mpira inayogusa ardhi, juu kuna kitambaa kinachoshika mguu, na katikati kuna sponji, ambayo ndiyo inayofanya kazi kubwa na ndiyo inayopandisha bei. Tangu miaka ya 1970 sponji hiyo imekuwa ikitengenezwa kwa aina ya plastiki iitwayo EVA, iliyojaa viputo vidogo vya hewa. Ni nyepesi na rahisi kutengenezwa, ila viputo vyake hubanwa kila unapotua, na baada ya kilomita nyingi havirudi tena katika umbo lake, hata kama kiatu kwa nje kinaonekana kizuri. Mwaka 2013 kampuni ya Adidas ilileta sokoni sponji iliyoundwa kwa punje za plastiki ya TPU zilizounganishwa kwa joto, nzito kidogo lakini yenye kudumu na kuruka zaidi. Mwaka 2017 Nike ikauza kiatu cha Vaporfly, chenye sponji ya plastiki nyingine iitwayo PEBA, ambayo ni nyepesi kuliko hizo mbili na hurudisha sehemu kubwa zaidi ya nguvu iliyoibana. Wepesi wenyewe una thamani yake, kwa kuwa kila gramu 100 zinazoongezwa kwenye kiatu humgharimu mkimbiaji takribani asilimia moja zaidi ya nguvu anazotumia.

Jambo la pili la kuangalia, na ambalo wauzaji wengi hawalitaji, ni tofauti ya kimo cha sponji kati ya kisigino na sehemu ya vidole. Raba nyingi za mazoezi zina tofauti ya milimita 8 hadi 12, nyingine zina milimita 4, na zipo zilizo sawa kabisa toka nyuma hadi mbele. Hapa ule uhamishaji wa mzigo huonekana waziwazi. Kisigino kikiinuliwa, kano ya nyuma na shavu la mguu hupata nafuu, na goti hufanya kazi zaidi. Kisigino kikishushwa, goti hupumua, nayo kano na shavu hubeba sehemu iliyobaki. Mtu mwenye maumivu ya muda mrefu ya goti na mwenye maumivu ya kano ya kisigino wanaweza kuingia duka moja siku moja, wakaondoka na viatu vinavyopingana kabisa, na wote wawili wakawa wamechagua vizuri. Kwa sababu hiyo, swali la raba ipi ni bora kuliko zote halina jibu mpaka anayeuliza aseme mguu wake umekuwa ukiuma wapi.

Sasa tuje kwenye mwendo wa mguu, ambako mkanganyiko ni mkubwa kuliko kwingine. Mkimbiaji wa kawaida anapotua, upande wa nje wa kisigino ndio unaotangulia kugusa ardhi. Kisha mguu hulalia ndani, tao la wayo hushuka kidogo, mzigo husambaa, na mwishoni wayo hukaza tena ili kusukuma ardhi kwa vidole. Kulalia ndani huko ni njia ya mwili ya kupunguza mshtuko, na kila mguu wenye afya hufanya hivyo kwa kiasi chake. Hata hivyo, kwa miongo kadhaa wauzaji na watengenezaji walifundisha kwamba miguu imegawanyika katika makundi matatu: inayolalia ndani kupita kiasi, iliyo ya kawaida, na isiyolalia ndani vya kutosha. Kila kundi lilipewa kiatu chake. Kundi la kwanza lilipewa viatu vyenye sponji ngumu upande wa ndani ili kuuzuia mguu usianguke, la pili viatu vya kawaida, na la tatu viatu laini sana. Mtu aliambiwa alowanishe mguu, akanyage sakafu ya saruji, kisha asome alama iliyobaki: wayo uliojaa wote ni tao lililolala, wayo uliokatika katikati ni tao lililoinuka.

Mantiki hiyo inaingia akilini haraka, nami naelewa kwa nini imeenea hata kwa makocha wa shule zetu. Ila ilipopimwa haikusimama. Jeshi la Marekani lilikuwa na nafasi nzuri ya kuipima, kwa kuwa huwapa maelfu ya makuruta viatu na kuwakimbiza pamoja. Katika tafiti zilizochapishwa mwaka 2009 na 2010 kutoka jeshi la nchi kavu, la anga na la wanamaji, baadhi ya makuruta walipewa viatu kulingana na umbo la tao lao na wengine wote wakapewa aina moja. Idadi ya walioumia haikutofautiana kwa kiasi cha maana. Huko Denmark, watafiti waliwafuatilia kwa mwaka mmoja watu 927 walioanza kukimbia, wote wakivaa kiatu kimoja cha kawaida, na wale ambao miguu yao ilikuwa ikilalia ndani hawakuumia zaidi ya wenzao. Mapitio makubwa ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa kitabibu, yaliyokusanya majaribio 12 yenye washiriki zaidi ya 11,000, yalifikia hitimisho lililo karibu na hilo: kumchagulia mtu kiatu kwa kuangalia umbo la mguu wake huenda hakupunguzi majeraha, au hupunguza kidogo sana.

Haki inanitaka niseme na upande wa pili. Mwaka 2016 watafiti wa Luxembourg waliwagawia wakimbiaji 372 viatu vinavyofanana kwa nje, nusu yao vikiwa na kizuizi cha upande wa ndani, na waliovaa vile vyenye kizuizi waliumia mara chache kuliko wenzao, hasa wale ambao miguu yao ililalia ndani sana. Kwa hiyo viatu vya aina hiyo si upuuzi, na aliyevizoea na hana maumivu hana sababu ya kuviacha. Kinachopaswa kuachwa ni tabia ya kumtazama mtu kwa dakika moja, kumpachika jina la ugonjwa ambao hana, na kumuuzia dawa yake. Vivyo hivyo, usimwamini anayegeuza raba yako ya zamani, akaona imelika upande wa nje wa kisigino, na kukutangazia kwamba mguu wako haulalii ndani. Huko nje ndiko karibu kila mtu anakotua, na soli kulika pale kunathibitisha hilo tu.

Kama umbo la mguu halituongozi sana, kinachoongoza ni nini? Mtaalamu wa mwendo wa mwili Benno Nigg, wa Chuo Kikuu cha Calgary nchini Kanada, alipendekeza pamoja na wenzake mwaka 2015 kwamba kila mwili una njia yake ya kusogea ambayo misuli na viungo huifuata kwa urahisi, na kwamba kiatu kinachomstarehesha mtu tangu anapokivaa ni kile kisichopigana na njia hiyo. Pendekezo hilo bado linachunguzwa. Hata hivyo linaendana na majaribio ya awali ambamo wanajeshi walioachiwa wachague soli za ndani walizoona zinawastarehesha waliumia kidogo kuliko wasiopewa. Kwa maoni yangu huu ndio ushauri wenye manufaa makubwa kuliko wote kwa mnunuzi wa Uganda, kwa sababu starehe haihitaji mashine wala kamera. Inahitaji mguu wako, sakafu, na muuzaji mwenye subira ya kukuacha ukimbie hatua 50 ukienda na kurudi mbele ya kibanda chake, ukivaa jozi tatu au nne kwa zamu. Aliyevaa jozi moja hana cha kulinganisha nacho.

Kuhusu ulaini wa sponji, kuna imani nyingine inayofaa kurekebishwa. Watu wazito huambiwa wanunue sponji laini kabisa, na wepesi huambiwa hawaihitaji. Utafiti mwingine wa Luxembourg, uliochapishwa mwaka 2020 na uliohusisha wakimbiaji 848, ulionyesha kwamba waliopewa viatu vigumu waliumia zaidi kuliko waliopewa vile laini, lakini faida ya ulaini ilijitokeza kwa watu wepesi. Kwa wazito haikuonekana wazi. Inawezekana sponji laini hubonyea hadi mwisho chini ya mtu mzito, ikakosa nafasi ya kufanya kazi. Mtu mwenye kilo 90 atafute sponji nene yenye kukaza kiasi na yenye kitako kipana, badala ya ile inayozama kwa kidole gumba.

Nchi hii imelea mabingwa ambao wengi wao walikimbilia shuleni bila viatu, na ndiyo sababu suala la kutua kwa kisigino au kwa mbele ya wayo linahitaji kuzungumzwa kwa uangalifu. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha utafiti uliojumuisha wakimbiaji wa Bonde la Ufa nchini Kenya, ukionyesha kwamba waliozoea kukimbia peku hutua mara nyingi kwa mbele au katikati ya wayo, na kwamba kutua hivyo hupunguza ule mshtuko wa ghafla wa mwanzo. Ulimwengu wa mbio ukakimbilia viatu vyembamba kama ngozi. Miaka mitatu baadaye watafiti wengine walikwenda kaskazini mwa Kenya kwa Wadaasanach, ambao nao hukua peku, wakakuta kwamba wakikimbia kwa mwendo wanaoupenda wengi wao hutua kwa kisigino, na husogea mbele ya wayo kasi inapoongezeka. Mwaka huohuo wa 2013, katika utafiti wa wakimbiaji waliohamia viatu vyembamba kwa wiki 10, 10 kati ya 19 walionyesha dalili za mifupa ya miguu kuelemewa. Mwaka 2014 kampuni ya Vibram, iliyouza viatu vyenye vidole, ilikubali kutenga dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja waliodai walipotoshwa kuhusu faida zake za kiafya.

Peku si kosa, wala kisigino si kosa. Kijana wa Kapchorwa aliyepanda na kushuka miteremko ya Mlima Elgon bila viatu tangu utoto, au mwenzake wa Karamoja aliyechunga ng'ombe kwa lugabire za tairi, amejenga mifupa, kano na misuli ya wayo kwa miaka mingi. Karani wa Kampala aliyevaa viatu vya kisigino tangu amalize shule hana mguu huo, na hataupata kwa mwezi mmoja. Kubadilisha namna ya kutua ni kuhamisha mzigo kutoka goti kwenda kwenye shavu na kano, na viungo hivyo huimarika polepole. Asiyeumwa aendelee kutua anavyotua.

Kuhusu viatu vya bamba la kaboni, yaani vyenye kipande kigumu kilichopachikwa ndani ya sponji, nitasema kwa ufupi. Jaribio la Chuo Kikuu cha Colorado nchini Marekani lililochapishwa mwaka 2018, kwa wakimbiaji 18 wa kasi, lilionyesha kwamba kiatu cha mfano cha Nike kilipunguza nguvu wanazotumia kwa wastani wa asilimia 4. Shirikisho la riadha duniani likaweka mipaka mwaka 2020: sponji isizidi milimita 40 kwa mbio za barabarani, na bamba liwe moja tu. Tangu Novemba 2024 viatu vya uwanjani haviruhusiwi kuzidi milimita 20. Joshua Cheptegei alipoweka rekodi za dunia za mita 5,000 mjini Monaco (12:35.36) na mita 10,000 mjini Valencia (26:11.00) mwaka 2020, alivaa viatu vya misumari vyenye sponji ya kizazi hicho kipya. Lakini Stephen Kiprotich alituletea dhahabu ya marathoni kutoka London mwaka 2012, miaka mitano kabla ya sponji hizo kufika madukani. Isitoshe, wastani huficha mengi. Katika utafiti wa mwaka 2023 uliopima wakimbiaji saba wa Kenya wa kiwango cha dunia, matokeo ya viatu hivyo yalianzia nafuu ya takribani asilimia 11 hadi hasara ya kiasi hichohicho. Kwa anayekimbia taratibu faida hupungua, na kwenye barabara ya marram yenye mawe na mifereji, sponji ndefu yenye kitako chembamba huyumba na kukitegua kifundo cha mguu kwa urahisi.

Wengi wetu hatununui raba mpya kabisa. Tunanunua mitumba, Owino au katika soko la mji wetu, na hilo si baya hata kidogo, kwa kuwa kiatu kizuri kilichotumika kidogo kinaweza kuishinda raba mpya ya bandia ambayo sponji yake ni ngumu tangu siku ya kwanza. Kinachotakiwa ni kujua kusoma kilichobaki ndani yake. Weka jozi juu ya meza iliyonyooka, uitazame kwa nyuma ukiwa umeinama hadi macho yawe sawa na visigino. Kiatu kikiinama upande mmoja, sponji yake imeshachukua umbo la mwendo wa mwenye nacho wa kwanza, na hakuna fundi anayeweza kuirudisha. Tazama ubavu wa sponji: mikunjo mingi myembamba inayokwenda mlalo ni dalili kwamba imebanwa kupita uwezo wake. Kunja kiatu. Raba nyingi nzuri hujikunja pale vidole vinapoanzia, kwa hiyo inayovunjika katikati ya wayo iache. Bana kikombe cha kisigino kwa vidole ili ujue kama bado kinasimama, na uchunguze ukingo wa soli ambako gundi mpya na rangi mpya hupenda kuficha iliyobanduka. Kumbuka pia kwamba sponji huzeeka hata kabla ya kuvaliwa. Zipo za zamani za aina ya polyurethane ambazo unyevunyevu huzila kwa ndani hadi zikameguka vipande siku ya kwanza ya kukimbia, na raba iliyoanikwa juani kibandani kwa miezi nayo hukauka na kukakamaa.

Ukubwa unastahili muda zaidi kuliko watu wanavyoupa. Nunua jioni, kwa kuwa mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na huvimba zaidi ukikimbia. Chomoa soli ya ndani, uiweke chini na usimame juu yake kwa mguu mtupu: kidole kirefu kibakishe nafasi ya upana wa kidole gumba mbele yake, na ubavu wa wayo usimwagike nje ya ukingo. Waliokulia peku huwa na wayo mpana zaidi upande wa mbele, na viatu vingi vinavyoletwa hapa vilikatwa kwa miguu myembamba, ndiyo maana wengi hupanda namba mbili juu ili kupata upana, wakaishia na kiatu kirefu ambacho kisigino chake huteleza. Ni afadhali kutafuta muundo mwingine wenye mbele pana. Kucha nyeusi baada ya kuteremka Naguru au Sipi zinatokana na vidole kugonga ncha ya kiatu, na mara nyingi kukaza kamba vizuri karibu na kifundo hutosha kuuzuia mguu usisogee mbele.

Soli ichaguliwe kwa kuangalia njia unayopita. Lami ya Kampala inataka soli tambarare, ilhali marram ya Masaka au Fort Portal wakati wa mvua inahitaji meno ya milimita 4 au zaidi, yaliyoachana vya kutosha ili tope lisigande. Mwenye uwezo wa jozi mbili zinazotofautiana atumie zote kwa kupokezana: utafiti wa wakimbiaji 264 huko Luxembourg ulikuta kwamba waliobadilishana viatu walikuwa na hatari ya kuumia iliyopungua kwa asilimia 39. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kila kiatu hupeleka mzigo mahali tofauti kidogo, na hivyo hakuna sehemu moja inayoonewa kila siku. Raba iliyoloa ikaushwe kivulini ikiwa imejazwa karatasi za gazeti, mbali na jiko na jua kali. Kwa kawaida sponji ya EVA hudumu kati ya kilomita 500 na 800.

Jozi mpya yenye kimo tofauti na uliyoizoea ianze na kilomita mbili au tatu, mara mbili kwa wiki, huku mazoezi mengine yakiendelea katika jozi ya zamani, na uongeze kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Shavu la mguu likiuma kwa siku moja au mbili kisha likatulia, linajifunza kazi mpya. Kano ya kisigino ikikaza kila asubuhi unapoamka, rudi kwenye kisigino kilichoinuka na upunguze kilomita. Na yakiwepo maumivu yaliyotulia mahali pamoja juu ya mfupa wa muundi au wa wayo, yanayouma ukipabonyeza kwa kidole na kuzidi kila unapokimbia, usibadilishe raba wala soli ya ndani. Acha kukimbia na umwone daktari, kwa kuwa mfupa unaweza kuwa umeanza kupasuka, na ufa huo hupona kwa mapumziko ya wiki nyingi.